Laptop Iliyowakataa Wanawake

Juzi tulimzika Mama Yunia, na aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani, Mkristo shupavu na mwuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa hema la pili, miguu ya kiti changu cha plastiki imezama mchangani, nikasubiri asome iliyobaki. Hakukuwa na iliyobaki. Alikunja karatasi, kwaya ikaimba, halafu wanasiasa wakapokezana kipaza sauti mpaka jua likageuka. Nilimwendea mwongoza shughuli nikamwomba dakika chache tu, akaniambia kwa upole programu imejaa, madam, labda utupe salamu zako tuzisome. Mimi sikuwa na salamu. Nilirudi Kisumu na hasira ambayo sijaiweka chini, na kwa kuwa nilinyimwa nafasi pale kaburini, nitaichukua hapa. Mama Yunia alikuwa karani. Alikuwa karani wa ufuo mzima, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na mimi nilikuwepo mwaka ule walipotaka kumtoa kwa sababu ya kompyuta. Ufuo wenyewe uko mbele kidogo ya Usenge. Sitautaja jina kwa sababu ninaowasema bado wana watoto pale, na watoto hawana makosa.

Mwaka huo nilikuwa kijana, napanga chumba kimoja mtaa wa Manyatta hapa Kisumu na kufanya kazi kwenye duka la kutengeneza laptop katikati ya mji. Lilikuwa duka jembamba lenye harufu ya risasi ya kuchomelea na vumbi la feni, meza moja ndefu, mafundi wote wamepanga mstari wakitazama ukuta. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mteja akiingia aliniuliza mimi fundi yuko wapi, nami nilimjibu fundi ni mimi, na wengine walicheka, wengine wakakumbatia laptop yao wakaenda zao. Siku hizi duka ni langu, na bado wapo wanaouliza. Linux nilijifunza kwa umaskini na ukaidi. Ule mfumo mwingine ulikuwa wa kununuliwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa, mafundi wenzangu waliuiba na kuuweka kwenye kila mashine iliyopita mezani. Mimi niliona kama kuna mfumo wa bure ambao mtu anaweza kuufungua na kuangalia ndani, kwa nini niibe? Waliniita Sista. Bwana Nashon, mwenye duka, alisema kichwa changu ni kigumu kuliko mfupa wa samaki mbuta, lakini mradi fulani wa wafadhili ulipogawa laptop kuukuu za Linux kwa fuo za ziwa, alijua kazi yangu imefika.

Hata hivyo hakunituma mimi kwanza. Alimtuma mwenzangu Felix, mara mbili, na mara zote mbili Felix alikuta mashine iko sawa. Aliandika kwenye ripoti: mtumiaji hajui. Ndipo mwenyekiti wa ufuo akapiga simu mwenyewe, na Bwana Nashon akaiweka sauti juu duka zima tusikie. "Hii kitu iko hivi," Mwenyekiti alisema. "Mwanaume akiandika, inaandika. Mwanamke akiandika, inazima. Sasa mniambie kama kuna kompyuta ya wanaume, tujue." Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha bisibisi. Mimi sikucheka. Nilisimama, nikamwambia Bwana Nashon nataka kwenda, na nikaongeza kwamba kama kuna mashine inayojua mwanamke ni nani, ningependa tukutane nayo uso kwa uso.

Kwa hiyo nilipita Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, nikafika ziwani kabla ya chakula cha mchana. Ofisi ilikuwa banda la mabati lililokatwa katikati kwa mabati mengine: upande mmoja kamati, upande wa pili karani. Dirishani uliona omena imetandazwa juu ya nyavu kuukuu, na wanawake wakiigeuza kwa fagio huku wakipiga kelele kuwafukuza ndege. Mama Yunia alisimama kunipokea. Alikuwa mrefu, mkavu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na aliponishika mkono hakuuachilia upesi. "Karibu, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Ni wewe fundi?" Nikasema ni mimi. "Basi leo tutasaidika." Hakuangalia nyuma yangu kuona kama kuna mwanamume anakuja na begi la vifaa. Nilimpenda hapo hapo, na sioni aibu kusema hivyo.

Niliiwasha mashine, nikaandika ukurasa mzima, haikutikisika. Nikamwambia akae yeye. Aliweka mikono yake kwa adabu, kama mtu aliyefundishwa, akaandika tarehe, akaandika jina la mashua ya kwanza, kioo kikawa cheusi. Akabonyeza kitufe ikaamka. Akaandika uzito wa omena, ikalala tena. Aliondoa mikono juu ya mashine akaiweka mapajani. "Umeona," alisema. "Hainitaki." Nilibadilisha chaja. Nikachomoa betri nikarudisha. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme nikaondoa kila amri inayoilaza mashine ikikaa bila kazi, na bado ililala mbele yake. Basi nikasoma pale Linux inapoandika kila inachokifanya, na nikakuta maneno ambayo sikuyaelewa kwa nini yapo: kifuniko kimefungwa, mashine inalala. Kifuniko kimefunguliwa, mashine inaamka. Mara nyingi, moja chini ya nyingine. Lakini kifuniko tulikuwa tumekikodolea macho wote wawili, na kilikuwa wazi kabisa.

Nikampigia Bwana Nashon. Nilimweleza kwamba ndani ya kifuniko cha laptop kuna sumaku ndogo, na chini, karibu na pale mikono inapopumzika, kuna kidude cha kuihisi. Kifuniko kikishuka, sumaku inakikaribia kidude, mashine inajua imefungwa na inajilaza. Hii yetu ilikuwa inajiona imefungwa wakati iko wazi, na nilitaka kujua kwa nini. "Hiyo 'kwa nini' ni ya chuo kikuu," Bwana Nashon alisema. "Iambie ipuuze kifuniko, utoke huko." Sikupenda. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu, nami nikafungua faili la mipangilio, nikaweka amri kwamba kifuniko kikifungwa mashine isifanye lolote. Mama Yunia akaandika. Akaendelea kuandika. Alimaliza mashua zote za asubuhi bila kioo kuzima, akachapisha, akatoka nje kubandika karatasi ukutani, na wanawake wakaja wakiwa na fagio zao kusoma.

Hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi, na ni lazima nieleze. Kabla ya Mama Yunia, uzito na bei ya omena vilitoka mdomoni mwa Mwenyekiti. Alisimama mlangoni akatangaza, wanunuzi wakaitika, na mwanamke mwenye omena akachukua alichopewa. Mama Yunia alipochaguliwa alianza kuchapisha kila asubuhi: mashua gani, kilo ngapi, jana ilienda bei gani. Mwanamke alisoma kabla ya kufungua mdomo. Kuanzia hapo Mwenyekiti hakuwa na la kutangaza. Kwa hiyo mashine ilipoanza kulala mbele ya wanawake, hakusikitika sana. Alikuwa na mpwa wake, kijana mwenye diploma na viatu vya kung'aa, na kila mtu alijua kiti kinapimwa matako ya nani.

Siku hiyo nilikula pale ofisini, omena iliyokaangwa na nyanya mpaka ikakauka, na ugali ambao Mama Yunia aliuita kuon na kunikatia kipande kikubwa bila kuniuliza. Tukiwa tunakula tulisikia sauti upande wa pili wa mabati. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kunong'ona. "Hiyo kiti ni ya mtu amesoma," alikuwa anasema. "Huyo mama ameonyesha mwenyewe hawezi. Sisi hatumfukuzi, ni kompyuta inamfukuza." Kijana wake akaitika ndiyo, Mjomba. Niliacha kutafuna. Mama Yunia alinisogezea bakuli. "Kula, nyathina. Hiyo tunasikia kila siku." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini yeye hakula tena, alikuwa anakusanya vichwa vya omena pembeni mwa sahani na kuvipanga.

Wiki haikuisha. Mwenyekiti aliibeba laptop kwenda Bondo kuwaonyesha wafadhili kazi ya ufuo. Aliifunga kifuniko, akaitia ndani ya begi na koti lake juu, akidhani imelala. Haikuwa imelala, kwa sababu mimi ndiye niliyeikataza. Iliendelea kufanya kazi mle ndani ya begi, ikachemka, ikala betri yote, na alipoitoa mbele ya wageni ilikuwa na moto wa sufuria na haikuwaka. Alirudi akiwa amevimba. Akaitisha mkutano Jumamosi, ajenda mbili tu: ripoti ya mashine, na kuchagua karani mpya. Bwana Nashon aliniita mbele ya mafundi wote akanipa ile karatasi ya ripoti. "Andika kama Felix. Mtumiaji hajui. Tumalizane na hawa watu." Niliishika. Nilifikiria vile vichwa vya omena. Nikamwambia siandiki, kwa sababu si kweli. "Ukweli umeuona wapi?" akaniuliza. Nikamwambia bado sijauona lakini huo wa Felix nimeuona na ni uongo. Alinipa likizo bila malipo, kwa hasira, nami nikaichukua kwa hasira, na Ijumaa asubuhi nilikuwa ziwani tena. Watu huniambia leo kwamba nilikuwa na bahati ya kuwa na mwajiri mvumilivu. Bahati haikuhusika. Alijua hana mwingine wa Linux.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifuta ile amri ya kupuuza kifuniko. Nilitaka mashine ilalamike tena, mbele yangu, nijue inalalamikia nini. Nilivuta kiti nikakaa pembeni na sikugusa kitu. Mpwa wa Mwenyekiti aliingia kuchapisha barua yake, akaandika, akatoka akipiga mluzi. Mashine macho. Mama Yunia akakaa, ikalala. Nikamwita Mama Rispa, mweka hazina wa chama cha wanawake, aliyekuwa nje akigeuza omena. Alikuja akijifuta mikono kwenye leso, akaandika kwa kidole kimoja, mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye mashine, na mashine ikamlalia naye. "Hata mimi," alisema, na akacheka kicheko cha mtu aliyezoea. Lakini mimi je? Nilikaa nikaandika, haikulala. "Wewe umesoma," Mama Rispa alisema. Nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba mashine haijui nani amesoma. Inajua sumaku tu.

Nilisema hayo kwa kinywa changu na bado sikuona, mwenye macho haambiwi tazama lakini mimi ilibidi niambiwe. Baada ya chakula Mama Yunia alitoa shati la shule la mjukuu wake lililokuwa limekatika kifungo. Alitunga uzi, akashona, na alipotaka kukaza fundo kwa mikono miwili hakuichomeka sindano kwenye kitambaa wala hakuishika kwa meno. Aliiweka juu ya bangili yake. Sindano ikakaa. Aligeuza mkono, akainua shati aone kifungo kimenyooka, na sindano ikabaki pale pale imeshikamana na bangili ya mkono wa kushoto. Nilimuuliza hiyo bangili ni ya nini. "Hii? Ni ya presha," alisema. Kuna mama alipita kanisani akihubiri habari za bangili za sumaku zinazoshusha presha, na chama kikaamua kila mwanachama avae. Walizinunua kwa zamu, kama walivyonunuliana sufuria mwaka uliotangulia, na aliyepokea yake alivishwa mbele ya wote kwa maombi. Kuivua ilikuwa kama kuwaambia wenzako zawadi yao haina kazi. Wanawake wote wa ufuo ule walikuwa nazo, wanaoga nazo, wanalala nazo. Mwanamume hata mmoja hakuwa nayo. Mimi pia sikuwa nayo.

Nikamwomba anyooshe mkono juu ya laptop, polepole, bila kugusa kitufe chochote. Alipofika pembe ya kushoto, pale kiganja kinapopumzika mtu akiandika, kioo kikazima. Akaondoa mkono. Tukaiamsha. Akarudisha, ikazima. Tulijaribu upande wa kulia, na mashine haikujali. Nilikuwa nimefurahi sana, naongea haraka, namweleza kwamba kidude kilikuwa kinadhani bangili ni kifuniko, kwamba kila akipumzisha mkono mashine inaamini imefungwa na inajilaza kwa uaminifu, mpaka nikaona yeye hafurahi. Alikuwa ameketi, mikono mapajani. "Kwa hivyo si mimi," alisema. Nikasema si yeye, haijawahi kuwa yeye. "Miezi yote hii nimekuwa naamka nikiuliza Mungu, kwani kichwa yangu iko na nini. Nilikuwa karibu kuwaachia." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Na Mwenyekiti alikuwa anaimba hii maneno mpaka kwa kanisa." Nilijua hapo kwamba Jumamosi kutakuwa na kazi.

Mkutano ulijaa mpaka nje. Wanaume walikalia viti vya kamati, wanawake wakasimama ukutani na mlangoni wakinuka ziwa. Mama Yunia alikaa kwenye meza ya karani na laptop mbele yake, kwa sababu mpaka achaguliwe mwingine kuandika mkutano ilikuwa bado kazi yake. Ripoti ya mashine ilikuwa yangu. Nilisimama nikaeleza kwa maneno machache, kisha nikamwomba Mama Rispa apitishe bangili yake juu ya laptop, ikazima, na nikamwomba mpwa wa Mwenyekiti aazime ile bangili, aivae mkono wa kushoto, aandike jina lake. Alisita, lakini mkutano wote ulikuwa unamwangalia. Hakumaliza hata jina la ubatizo. Wanawake hawakupiga vigelegele kama nilivyotarajia. Waliangaliana, kila mmoja akishika mkono wake mwenyewe, na nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu alichoambiwa tangu mashine ile ianze kulala.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Basi ni rahisi," alisema. "Wamama watoe hizo vitu waache kwa mlango." Mama Yunia alijibu kabla sijafungua mdomo. "Hatutoi. Tulivishana wenyewe." Akaichukua bangili yake mkono wa kushoto, akaipitisha kwa taabu kwenye vifundo vya vidole, akaivaa mkono wa kulia, na akaendelea kuandika. Ni hilo tu. Ufundi wangu wote, faili, amri, safari za Kisumu na likizo bila malipo, dawa yake ilikuwa kuhamisha bangili mkono, na leo nikikumbuka bado nataka kumtafuta Felix nimwonyeshe. Mashine haikulala. Tulimsikia akibonyeza, tak, tak, tak, na katika banda lile lililojaa watu hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwepo.

Mwenyekiti akakohoa. Alijua ajenda inayofuata ni ya kiti, na alitaka kuifikia akiwa bado amesimama vizuri. "Hata kama," alisema. "Hata kama ni hiyo bangili. Mimi nasema kile kila mtu hapa anajua. Kichwa ya mwanamke ni ya samaki na watoto. Mambo ya mashine yaachiwe watu." Mama Yunia alikuwa anaandika bado, kichwa kimeinama, anamfuata. Kisha vidole vikasimama, akamtazama juu ya miwani, bila hasira, kama karani yeyote aliyepitwa na neno. "Polepole kidogo, Mwenyekiti," alisema. "Nimefika kwa 'samaki na watoto.' Ya mwisho umesema yaachiwe nani?"

Mwenyekiti alitazama kamati yake. Mmoja alikuwa anaangalia dari, mwingine anajikuna goti. Kumbukumbu za mkutano zilikuwa zinabandikwa ukutani pamoja na bei za omena, hilo alilijua, na wake zao walisoma.

"Hiyo usiandike," alisema.

"Sawa, Mwenyekiti," Mama Yunia akasema, na vidole vikaanza tena. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kusoma kioo. Aliandika: Mwenyekiti ameomba maneno yake yasiandikwe. Akaweka nukta, akasogeza miwani, akauliza nani atafungua ajenda ya pili, ya kuchagua karani mpya. Alingoja, vidole juu ya vitufe, mashine ikiwa macho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuandikwa.